Somo la 14: Vitufe vya Mkato

Katika somo la umeme mlijifunza kwamba umeme hupita katika njia iliyo kamili tu. Njia hiyo huitwa sakiti. Ikikatika mahali popote, taa huzimika; ikiungwa tena, taa huwaka. Mlijifunza pia kwamba swichi ni kifaa cha kuunga na kukata sakiti. Sasa tutatazama kifaa chenye swichi nyingi sana, ingawa mtu aweza kukibeba kwapani. Kifaa hicho ni kibodi, yaani ule ubao wenye vitufe vya herufi uwekwao mbele ya kiwambo cha kompyuta. Kibodi nyingi za mezani zina vitufe zaidi ya 100, na kila kitufe ni swichi.

Nyote mnajua kwamba kitufe cha A huandika herufi a. Lakini vitufe vina kazi nyingine pia. Viwili au vitatu vikibonyezwa pamoja, huiamuru kompyuta ifungue ukurasa, itafute neno, au irudi mahali ilipokuwa. Vitufe vibonyezwavyo namna hiyo huitwa vitufe vya mkato. Hufupisha kazi, kama njia ya mkato ifupishavyo safari ya kisimani.

Shamba la mahindi la shule

Tuseme kwamba wanafunzi wa darasa la tano wa shule fulani wamepanda mahindi. Mahindi yamefika magotini. Asubuhi moja wanakuta majani yana matundu mengi, na katikati ya kila shina mmejaa kitu kama unga wa mbao uliolowa. Ndani yake wamo viwavi. Wazee wawili wanapita njiani. Mmoja anasema hao ni viwavi wa kawaida, mwingine anasema ni viwavijeshi vamizi, wadudu waliotoka Amerika na kuonekana katika bara la Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Nani asema kweli? Mahindi hayo ndiyo uji wa wanafunzi wa mwaka ujao, kwa hiyo swali hilo si la mchezo.

Shule hiyo ina kompyuta moja iliyounganishwa na intaneti. Umeme wake hutoka katika betri inayochajiwa kwa nguvu ya jua, na siku hiyo mawingu yamefunika anga tangu alfajiri. Mwalimu anaitazama betri na kusema kwamba umeme uliobaki hautazidi dakika ishirini.

Mwanafunzi wa kwanza anakaa. Anashika kipanya, anakitafuta kishale kilipo, anakivuta hadi juu ya kiwambo, anabofya, anaandika. Ukurasa unafunguka. Ni ukurasa mrefu mno kuhusu kilimo cha mahindi, tangu uchaguzi wa mbegu hadi ghala. Anauteremsha polepole huku macho yake yakitafuta neno "kiwavi." Mkono unateleza, anabofya alama ya kufunga, na ukurasa wote unatoweka. Anaanza upya. Kabla hajafika katikati ya ukurasa, kiwambo kinakuwa cheusi. Betri imekwisha.

Je, mwanafunzi huyo alikosea wapi? Hakuwa mvivu, wala hakuwa mjinga. Hakuzijua njia fupi.

Ndani ya kibodi

Kabla ya kujifunza njia hizo, yafaa tujue kinachotokea chini ya kitufe. Kama kila kitufe kingekuwa na waya wake peke yake, kibodi ya vitufe 100 ingehitaji nyaya 100 na zaidi. Mafundi walipata njia bora. Waliweka nyaya za kulala na nyaya za kusimama, zikipishana kama nyuzi za mkeka bila kugusana. Kila mahali zinapopishana pana kitufe. Ukibonyeza kitufe, waya mmoja wa kulala hugusana na waya mmoja wa kusimama. Kwa nyaya 10 za kulala na 10 za kusimama, yaani nyaya 20 tu, tunapata vitufe 10 × 10, yaani 100.

Ndani ya kibodi kimo kidude kidogo cha elektroniki ambacho hukagua nyaya hizo moja baada ya nyingine, mara nyingi katika kila sekunde. Kikikuta kwamba waya wa tatu wa kulala umegusana na waya wa tano wa kusimama, hujua ni kitufe gani kimebonyezwa, nacho huipelekea kompyuta namba ya kitufe hicho. Kompyuta haioni kidole chako. Hupokea namba tu.

Jaribio la 1: Kutengeneza kibodi ya vitufe vinne

Vifaa: betri mbili za tochi, balbu ya tochi, vipande vitatu vya waya, vipande viwili vya karatasi ngumu, karatasi ya alumini, gundi, na vipande vya kadibodi.

Kata tepe nne nyembamba za karatasi ya alumini. Gundisha mbili juu ya karatasi ngumu ya kwanza, zikiwa zimelala, na uache nafasi kati yake. Gundisha nyingine mbili juu ya karatasi ya pili, zikiwa zimesimama. Acha ncha za tepe zitokeze nje. Panga vipande vya kadibodi kandokando ya karatasi ya kwanza na katikati yake, kisha uifunike kwa karatasi ya pili ili alumini itazamane na alumini bila kugusana. Tepe za kulala zipe majina 1 na 2. Tepe za kusimama zipe majina A na B.

Unga betri, balbu na nyaya kama ulivyofanya katika somo la sakiti, lakini acha ncha mbili za waya bila kuungwa. Mwambie mwenzako ageuke asikuone, kisha bonyeza na kushikilia mahali pamoja ambapo tepe mbili hupishana. Mwenzako achukue zile ncha mbili, ajaribu 1 na A, kisha 1 na B, kisha 2 na A, kisha 2 na B. Balbu inawaka lini? Je, ameweza kutaja mahali ulipobonyeza bila kukutazama? Hiyo ndiyo kazi ya kile kidude cha ndani ya kibodi.

Sasa fanya jambo moja zaidi. Bonyeza mahali patatu kwa pamoja: 1 na A, 1 na B, na 2 na A. Usibonyeze 2 na B. Mwenzako aunge ncha zake kwenye 2 na B. Balbu inawaka! Fuata njia ya umeme kwa kidole: unatoka 2, unapita A, unarudi 1, unatokea B. Kidude cha kibodi nacho chaweza kudanganyika hivyo, kikadhani kitufe cha nne kimebonyezwa. Kwa sababu hiyo, watengenezaji hupanga nyaya za vitufe vya Ctrl, Shift na Alt kwa uangalifu wa pekee, kwa maana vitufe hivyo hushikiliwa pamoja na vingine kila siku.

Vitufe vinavyobadili maana

Taipureta ya Remington iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1874 iliandika herufi kubwa tu. Mwaka 1878 ilitoka taipureta ya pili iliyokuwa na kitufe cha Shift. Kitufe hicho hakikuandika kitu. Kazi yake ilikuwa kuusogeza mtambo ili kitufe kilekile kiweze kuandika herufi kubwa au ndogo. Wazo hilo lingali hai katika kibodi zetu, pamoja na ule mpangilio wa Q, W, E, R, T, Y ambao pia tuliurithi kutoka taipureta za zamani hizo.

Ctrl na Alt ni ndugu wa Shift. Vikibonyezwa peke yake, mara nyingi havionyeshi kitu. Vikishikiliwa, hubadili maana ya kitufe kinachofuata. Herufi T peke yake ni herufi. T ikiwa Ctrl imeshikiliwa ni amri.

Kipanya kilikuja baadaye sana. Douglas Engelbart wa Marekani alikionyesha hadharani huko San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Ni kifaa kizuri, hasa kwa kuchora. Lakini kila unapokishika, mkono huondoka kwenye kibodi, jicho hutafuta kishale, mkono hukiongoza hadi mahali padogo, kisha hurudi kwenye kibodi na kutafuta herufi. Safari hiyo huchukua sekunde chache tu, na ndiyo maana watu hawaihesabu. Wewe ihesabu. Darasa la wanafunzi 45 wenye kompyuta moja na kipindi cha dakika 40 lina sekunde 2,400 za kugawana. Kila mwanafunzi apata sekunde 53 tu.

Namna ya kubonyeza

Tuandikapo Ctrl + T, maana yake ni hii: shikilia Ctrl kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, bila kuiachia, bonyeza T mara moja, kisha achia vyote. Alama ya kujumlisha haibonyezwi. Wengi wa wanaoanza huiachia Ctrl mapema, nao huona herufi t imeandikwa. Hakuna kilichoharibika, ifute na ujaribu tena.

Programu inayofungua kurasa za intaneti huitwa kivinjari. Amri tutakazozitaja hufanya kazi katika vivinjari vya Chrome, Firefox na Edge vilivyomo katika kompyuta zitumiazo Windows. Katika kompyuta za Apple, mara nyingi kitufe cha Command hushika nafasi ya Ctrl.

Kufungua na kurudi

Juu ya kivinjari pana kisanduku cha anwani. Badala ya kukifuata kwa kipanya, bonyeza Ctrl + L. Kisanduku huchaguliwa mara moja, nawe waweza kuandika anwani au neno unalotaka kutafuta, kisha ubonyeze Enter.

Kurasa kadhaa zaweza kufunguliwa pamoja. Kila ukurasa huwa na kichupo chake huko juu, kama madaftari yaliyopangwa yakaachwa majina yake yaonekane. Ctrl + T hufungua kichupo kipya, na Ctrl + W hufunga kichupo kilicho mbele yako. Ukitaka kupita kutoka kichupo kimoja hadi kingine, bonyeza Ctrl + Tab. Ukijua nambari ya kichupo, ni haraka zaidi: Ctrl + 1 hukupeleka kwenye cha kwanza, Ctrl + 2 kwenye cha pili, na kuendelea hivyo hadi 8. Lakini Ctrl + 9 haiendi kwenye cha tisa. Huenda kwenye cha mwisho, hata kama viko vitatu tu au ishirini.

Na ukifunga ukurasa kwa bahati mbaya? Hapa ndipo yule mwanafunzi wa kwanza alipopoteza dakika zake. Shikilia Ctrl na Shift, kisha bonyeza T. Ukurasa uliofungwa mwishowe hurudi. Ukibonyeza tena, hurudi ule uliofungwa kabla yake. Kwa maoni yetu, kama utaweza kukumbuka amri moja tu ya ukurasa huu, ikumbuke hii. Hata hivyo, maandishi uliyokuwa ukiyaandika ndani ya ukurasa huo huenda yasirudi.

Kurudi kwenye ukurasa uliotangulia, shikilia Alt na ubonyeze mshale wa kushoto; mshale wa kulia hukupeleka mbele tena. Zamani kitufe cha kufutia herufi kiliweza pia kurudisha ukurasa wa nyuma. Watu walibonyeza wakitaka kufuta herufi moja, wakapoteza fomu nzima waliyokuwa wakiijaza. Kwa sababu hiyo kivinjari cha Chrome kiliiondoa kazi hiyo mwaka 2016.

Ukurasa ukikwama, F5 huupakua upya, na Esc husimamisha upakuaji. Ctrl na alama ya kujumlisha hukuza maandishi ili walioketi nyuma waone. Ctrl na alama ya kutoa huyapunguza. Ctrl + 0 huyarudisha katika ukubwa wake wa kawaida.

Kutafuta neno katika ukurasa

Katika ukurasa mrefu, kitufe kirefu cha nafasi huteremsha maandishi kwa kiasi cha kiwambo kizima, na Shift pamoja na kitufe hicho huyapandisha. Home hukupeleka mwanzo wa ukurasa, na End mwisho wake. Lakini iliyo bora kuliko zote ni Ctrl + F.

Bonyeza Ctrl + F na kisanduku kidogo kitatokea. Andika neno unalolitafuta. Kivinjari hukiri mara moja neno hilo limo mara ngapi, na kila unapobonyeza Enter hukupeleka mahali panapofuata. Ukimaliza, bonyeza Esc.

Jihadhari na jambo moja. Kompyuta hulinganisha herufi, haielewi maana. Ukiandika "kiwavi," haitakuonyesha "viwavi," kwa kuwa herufi ya kwanza si ileile. Maneno ya Kiswahili hubadilika mwanzoni: mtoto, watoto, jani, majani, mdudu, wadudu. Kwa hiyo andika sehemu isiyobadilika. Ukiandika "wavi" utapata kiwavi, viwavi na viwavijeshi kwa pamoja. Ukiandika "dudu" utapata mdudu na wadudu. Mwenye kujua sarufi yake vizuri hutafuta vizuri zaidi. Tena, maneno yaliyomo ndani ya picha huenda yasipatikane, maana kwa kompyuta hayo mara nyingi ni rangi tu.

Jaribio la 2: Kupima muda

Vifaa: kompyuta yenye intaneti, na saa yenye mkono wa sekunde.

Mwalimu afungue ukurasa mrefu na kutaja neno moja lililomo ndani yake. Mwanafunzi mmoja alitafute kwa kipanya na macho tu, mwingine ahesabu sekunde. Kisha mwanafunzi mwingine atafute neno jingine kwa Ctrl + F. Rudieni mara tatu kwa kila njia, mkiandika muda wa kila mara katika daftari, kisha tafuteni wastani wa kila njia.

Huenda mara ya kwanza mwenye kutumia vitufe akawa mwepesi kidogo tu, au hata akachelewa, kwa sababu vidole bado vinatafuta mahali pake. Andikeni hivyohivyo. Mwanasayansi haandiki matokeo anayoyapenda, huandika aliyoyaona.

Wasiotumia kipanya kabisa

Mtu asiyeona hawezi kukifuata kishale juu ya kiwambo. Je, hawezi kusoma kurasa za intaneti? Aweza. Hutumia programu inayosoma maandishi kwa sauti, na huongoza kazi yote kwa vitufe. Kitufe cha Tab humpeleka kutoka kiungo kimoja hadi kingine, Shift + Tab humrudisha nyuma, na Enter hukifungua kiungo alichofika. Kiungo ni neno au picha ambayo ukiibofya hukupeleka ukurasa mwingine. Kwa mtu huyu vitufe si njia ya mkato. Ndiyo njia yenyewe.

Weka kipanya pembeni, ujaribu kufungua ukurasa wowote na viungo vyake vitatu kwa Tab na Enter tu. Kurasa nyingine zimetengenezwa vibaya, na utaona kwamba Tab inapotea ndani yake. Aliyezitengeneza hakumfikiria msomaji asiyeona.

Turudi shambani

Siku ya pili jua limewaka na betri ina umeme. Mwanafunzi mwingine anaketi. Ctrl + L, anaandika neno, Enter. Ukurasa uleule mrefu unafunguka. Ctrl + F, anaandika "wavi," anabonyeza Enter mara nne. Hapo panasomeka: kiwavijeshi vamizi ana mchoro kichwani kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Anabonyeza Ctrl + P, mashine inachapa ukurasa huo, na kompyuta inazimwa ili umeme ubaki.

Wanafunzi wanakwenda shambani na karatasi yao na lenzi ya kukuzia. Wanamchukua kiwavi mmoja, wanamtazama kichwani, kisha mkiani. Y iliyopinduliwa ipo. Madoa manne yapo. Mzee wa pili ndiye aliyesema kweli. Kutwa ile wanapita mstari kwa mstari wakiponda mayai na viwavi kwa vidole, na kesho yake wanapita tena.

Maswali

1. Kibodi ina nyaya 8 za kulala na nyaya 12 za kusimama. Yaweza kuwa na vitufe vingapi? Imetumia nyaya ngapi?
2. Katika Jaribio la 1, kwa nini balbu iliwaka kwenye 2 na B ingawa hapakubonyezwa? Chora njia ya umeme.
3. Mwanafunzi alibonyeza Ctrl, akaiachia, kisha akabonyeza F. Nini kilitokea? Alipaswa kufanya nini?
4. Umefungua vichupo vitano. Ctrl + 9 itakupeleka kwenye kichupo cha ngapi?
5. Unataka kupata maneno mkulima, wakulima na kilimo katika ukurasa mmoja. Utaandika herufi gani katika kisanduku cha kutafutia? Je, herufi hizo zitakuletea pia maneno usiyoyataka? Taja moja.
6. Ukurasa umefungwa kwa bahati mbaya. Utaurudisha kwa vitufe gani?
7. Darasa lenu lina wanafunzi wangapi? Kama mna kompyuta moja na kipindi cha dakika 40, kila mmoja atapata sekunde ngapi?
8. Tembelea shamba la shule au la jirani. Tafuta kiwavi katika mahindi, umtazame kwa lenzi, na umchore kichwa na mkia. Je, ni kiwavijeshi vamizi? Umejuaje?